Garsen Ilisema Ndiyo kwa Lipi?

Mara mbili Wakenya wameitwa kuamua katiba kwa kura ya maoni. Tarehe 21 Novemba 2005 alama zilikuwa ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Serikali ilishika ndizi, na chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi, Pwani ikiwa miongoni mwa waliolibeba juu kabisa. (Kando ya Mto Tana ndizi ni chakula na ni karo ya shule, lakini siasa ina mapishi yake.) Tarehe 4 Agosti 2010 matunda yaliondolewa, zikaja rangi: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la. Kijani kilipata kura zaidi ya milioni 6, nyekundu milioni 2.8. Pwani ilikubali kwa wingi, Tana River nayo haikubaki nyuma, na tarehe 27 Agosti Rais Mwai Kibaki akaitia saini katiba katika bustani ya Uhuru, Nairobi.

Miaka miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa, cha Waorma wafugaji wa Tana River, kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo wakulima. Mauaji yakaendelea kupokezana hadi Januari 2013.

Sidai kwamba kura ya maoni ndiyo iliyoua. Ninalodai ni kwamba nchi nzima ilibishana miezi kadhaa kuhusu mahakama za dini na kutoa mimba, huku katiba yenyewe ikibeba vifungu viwili ambavyo, vikikutana ukingoni mwa Mto Tana, vinagongana. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia na kukaa popote nchini. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni ya jamii, na jamii inatambulika kwa kabila, utamaduni au maslahi ya pamoja. Garsen, huko Tana River, ilisema ndiyo kwa vyote viwili kwa kura moja.

Watano wanaozungumza hapa chini msiwatafute kwenye daftari la wapiga kura. Nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga.

MKULIMA: Mimi nilipiga nyekundu, na sioni haya kusema. Huku Ngao kanisa limekuwepo tangu wamisionari Wajerumani wa karne ile ya kumi na tisa, na kanisani tuliambiwa mawili. Kwanza, kifungu cha uhai kimeacha mlango wa kutoa mimba. Pili, Mahakama ya Kadhi imeingizwa katikati ya katiba. Na Mei mwaka uleule majaji wa Mahakama Kuu walisema jambo hilo halipatani na usawa wa dini. Majaji wakishasema, mimi mlima mpunga nitawapinga kwa lipi?

MFUGAJI: Jirani, kadhi hakuletwa mwaka 2010. Alikuwepo tangu uhuru. Mwaka 1963 Mzee Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana: ukanda wa maili kumi wa Sultani uingie Kenya, na kadhi abaki. Na ukanda huo uliishia wapi? Kipini, hapo mto unapomwaga maji baharini. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipompimia Sultani pwani yake, kamba yao iliishia Kipini.

MKULIMA: Kipini ni Kipini. Ngao ni Ngao. Huku Sultani tulimsikia kwa jina tu.

MWALIMU: Wazee wangu, hilo la kadhi lilipiga kelele Nairobi kuliko hapa. Wapokomo wa juu wengi ni Waislamu, wa chini wengi ni Wakristo, na ni ndugu. Harusi mnakula pamoja, msiba mnachimba kaburi pamoja. Mlipokuja kupigana mwaka 2012, nani alimuuliza mwenzake anaswali wapi?

Hapo mwalimu amewashinda wote wawili, nami sitarudi tena kwa kadhi. Tangu 2010 mahakama zake zimeendelea kuamua mirathi na talaka, na mbingu haijaanguka. Tuende kwenye ardhi.

MKULIMA: Basi niseme la ardhi. Shamba la Mpokomo huanzia majini likaenda nyuma, kila ukoo na kipande chake. Mto unapohama, nasi tunahama nao. Babu zangu walilima hapa kabla ya mtu yeyote kuja na ng'ombe. Hata wimbo wa taifa, mkisimama kuuimba, sauti yake imetoka kwenye bembelezo la mama wa Kipokomo. Nchi nzima inaimba kwa sauti yetu, halafu tunaambiwa tuonyeshe hati.

MFUGAJI: Wimbo hatukatai, mzee. Lakini ng'ombe hawanywi wimbo. Kiangazi kikishika, kule nyuma hakuna tone. Wanyama wanateremka deltani, na njia ya kufikia maji ni malka. Malka zilikuwepo, wazee wenu wa Gasa na wetu wa Matadeda walizijua moja moja. Wewe ukilima mahindi juu ya malka, ng'ombe wangu wapite angani?

MKULIMA: Nililima juu ya malka kwa sababu mafuriko yalikula shamba langu la zamani. Na hao ng'ombe, mzee wangu, si wako peke yako. Wako nawajua, hata alama zao nazijua. Nisiowajua ni wale wanaotoka Garissa, wanaotoka Ijara, na wengine Mungu ndiye ajuaye wametoka wapi. Wanakuja maelfu na ngamia, na wachungaji wao hata jina la kijiji hiki hawajui kulitaja. Wewe mwenyewe wakati mwingine unawakimbia.

MFUGAJI: Nawakimbia, kweli. Lakini nikiwa na ukame mimi, nami nakimbilia kwao. Ndivyo tunavyoishi.

Huu ndio uhamiaji wenyewe kwa Garsen. Anayelaumiwa ni ng'ombe na mwenye ng'ombe aliyevuka mto mwezi wa ukame, na asiporudi mvua ikinyesha ndipo maneno huanza. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuumaliza kwa kuchora mstari: Wasomali wabaki mashariki ya Tana, Waorma, ambao wakoloni waliwaita Wagalla, wabaki magharibi. Ng'ombe hawakuusoma mstari huo. Bado leo wako wa Tana River wanaodai maili tatu za ng'ambo, upande wa Garissa, kwa hoja ya mipaka ya mkoloni, na wa Garissa wakizisikia huona wanataka kunyang'anywa mji wao.

Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilizunguka Mkoa wa Mpaka wa Kaskazini ikiuliza watu wanataka kukaa Kenya au kujiunga na Somalia. Wasomali kwa wingi wao walisema Somalia. Walisikilizwa lakini hawakufuatwa, wakabakizwa Kenya, na vita vya Shifta vikawaka hadi 1967. Tangu wakati huo, mtu wa upande ule akivuka Tana, anavuka pia na shaka ya serikali mgongoni. Hilo mkulima wa Ngao hakulianzisha, ila amelirithi na analitumia.

MAMA MUUZA MAZIWA: Na mimi mnaniweka wapi? Mimi ni Mwardei. Wazee wetu walikuwa Waorma waliotekwa na Wasomali zamani, wakakaa kule vizazi, wakarudi. Tukiwa Garissa tunaambiwa sisi Waorma. Tukiwa Garsen tunaambiwa sisi Wasomali. Mwaka wa uchaguzi ndipo tunageuka kuwa ndugu wa kila mtu.

KIJANA WA BODABODA: Mama, mwaka wa uchaguzi hata mimi nina ndugu wengi.

MAMA MUUZA MAZIWA: Wewe cheka, mwanangu. Mwanangu wa kwanza alipotaka kitambulisho alipigwa msasa. Barua ya chifu haikutosha. Akaambiwa alete kitambulisho cha babu, alete wazee wa ukoo, ataje visima. Wenzake wa shule, kutoka Malindi, walikwenda na cheti cha kuzaliwa wakatoka. Yeye alikosa kazi akingoja.

MKULIMA: Mama, usinichukie kwa ninalosema. Msasa ule ulikuwa na sababu. Dadaab iko papo hapo, tangu 1991, na watu ni wengi. Vitambulisho vinauzwa. Mgeni akipata kitambulisho leo, kesho anapiga kura Garsen, keshokutwa anakaa kwenye kamati ya ardhi.

MAMA MUUZA MAZIWA: Na Mkenya aliyejiandikisha Dadaab kwa njaa, kwa ajili ya unga wa msaada? Wako makumi ya maelfu waliofanya hivyo. Alama zao za vidole zikaingia kwenye orodha ya wakimbizi, kisha nchi yao ikawaambia ninyi si wetu. Njaa ya miezi sita imewafuta uraia.

MWALIMU: Wagaljeel nao tuwakumbuke. Mwaka 1989 serikali ilipiga msasa Wasomali wote wa Kenya, wakapewa kadi za waridi. Wagaljeel wa kaunti hii wakanyang'anywa vitambulisho. Wengine wamezeeka bila karatasi, wajukuu wakazaliwa bila karatasi. Ukiwauliza kwao ni wapi, watakuonyesha kwa kidole, si kwa cheti.

KIJANA WA BODABODA: Lakini msasa si umeondolewa? Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba vijana wa kaunti za mpakani watapata kitambulisho kama wenzao.

MKULIMA: Na siku ileile Kenya nzima ikagawanyika. Wengine wakasema haki imepatikana, wengine wakasema anatafuta kura za 2027. Mimi nasema yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Mkulima hapo ametoa kauli nzuri kuliko wachambuzi wengi wa runinga. Ila hofu yake ya kamati ya ardhi inahitaji kuulizwa swali moja. Mwaka 2008 Shirika la TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias walitaka kupanda miwa kwenye maelfu ya hekta za delta hii. Hakuna aliyewaomba kitambulisho cha babu, na hakuna chifu aliyewaambia wataje visima. Wakulima na wafugaji wengi, kwa mara hiyo moja, walikuwa upande mmoja kuupinga mradi huo, na mabishano yakafika hadi mahakamani. Mgeni mwenye mtaji hapigwi msasa.

MWALIMU: Nami niseme langu, maana nimekaa kimya kama mwenyeji. Mimi ni Mgiriama. Nimezaliwa Tarasaa, nimefundisha huku, nimezika wazazi wangu huku. Na bado kila baada ya uchaguzi kuna mtu ananiuliza nitarudi lini Kilifi. Mpeketoni, ukishika barabara ya Lamu, kuna waliopewa ardhi na serikali miaka ya sabini, na wajukuu wao bado wanaitwa wageni. Basi mniambie miaka ya ugeni inaisha lini.

MFUGAJI: Mwalimu, wewe hujatukosea.

MWALIMU: Sijakukoseeni kwa sababu sina ng'ombe na shamba langu ni dogo. Nikipata ekari hamsini tutaonana.

KIJANA WA BODABODA: Hiyo ni kweli tupu.

MKULIMA: Shida ilikuja na ugatuzi. Zamani tuligombania diwani na mbunge mmoja mmoja. Katiba mpya ikaleta gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, wawakilishi wadi, na bajeti ya kugawana Hola, makao makuu ya kaunti. Machi 2013 tukaenda kupiga kura, damu haijakauka. Waorma na Wawardei wakaungana, wakachukua ugavana, useneta na viti vyote vya bunge. Sisi wenye mto tukabaki bila kiti kikubwa hata kimoja. Mlitaka tuseme nini?

MFUGAJI: Mlisema mengi. Na 2017 mkapata gavana wenu, Dhadho Godhana. Mlipopata mlisema ni demokrasia. Tulipopata sisi mlisema ni wageni wamejaza daftari.

MAMA MUUZA MAZIWA: Mwaka 2013 tulikuwa ndugu wa Waorma. Nimewaambia.

Nadhani hapa ndipo kura ya maoni na kijiji cha Riketa vinapokaribiana, ingawa watu wakubwa hawapendi kusema hivyo. Ugatuzi ulikuwa zawadi ambayo Pwani iliidai tangu majimbo ya 1963, na hiyo ndiyo sababu kubwa Tana River ilipiga kijani. Lakini ukishaweka kiti cha gavana katika kaunti ya watu 240,075 (ndiyo hesabu ya 2009), familia mia chache zikivuka mto zinaweza kubadilisha matokeo ya wadi, na wadi chache zinabadilisha kaunti. Idadi ya watu ikageuka kuwa silaha. Ng'ombe aliyeingia shambani alikuwa kosa la kulipwa fidia mbele ya wazee. Mwaka 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa katiba mpya, ng'ombe yuleyule alikuwa dalili kwamba mwenyewe amekuja kukaa na kupiga kura. Sizungumzi kana kwamba ugomvi ulizaliwa hapo. Mwaka 2001 Wapokomo na Waorma walikuwa wameshauana, na kilichowasha moto mara hiyo kilikuwa mpango wa serikali wa kupima mashamba na kutoa hatimiliki, bila kuzipimia malka. Lakini 2012 ilikuwa kubwa zaidi na ya kupangwa zaidi, na kalenda ya siasa haikosi kueleza sehemu yake.

MWALIMU: Kuna nchi ziliuliza waziwazi. Uswisi, Februari 2014, waliulizwa kama wapunguze wahamiaji, asilimia 50.3 wakasema ndiyo. Uingereza, Juni 2016, waliulizwa kama watoke Umoja wa Ulaya, 51.9 wakasema tutoke, na wahamiaji walikuwa kati ya hoja kubwa. Walikosana hadi mezani nyumbani, lakini angalau walijua wanabishania nini.

KIJANA WA BODABODA: Mwalimu, unataka tuulizwe Garsen: Mwardei abaki au aondoke? Baba yangu Mpokomo, mama yangu Muorma. Mimi nitachora alama wapi?

MWALIMU: Sitaki tuulizwe hivyo. Nasema tu tulikubali kitu bila kuambiwa kina nini ndani.

MAMA MUUZA MAZIWA: Wewe mwalimu ulingoja kuambiwa. Mimi nilikisoma. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia kwa mama au kwa baba, popote alipozaliwa. Zamani mwanamke Mkenya akizaa nje ya nchi na mume mgeni, mtoto hakupata uraia kwake. Mimi nilipiga kijani kwa kifungu hicho, si kwa gavana wala kwa kadhi. Na nikapiga nikijua kipo.

MKULIMA: Hilo sikulijua.

MAMA MUUZA MAZIWA: Hamkuuliza.

Miaka michache iliyopita tulikaribia kuitwa tena. Mpango wa BBI wa kubadilisha katiba ulitaka kuongeza maeneo bunge 70 na kurudisha waziri mkuu. Mahakama Kuu ikauangusha Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaumaliza. Ningependa kusema Tana River ilishusha pumzi, lakini Tana River ilikuwa na ukame. Wanasiasa hawataacha kutaka kura nyingine ya maoni. Na kila pendekezo la kuongeza viti, hata likija na nia safi, likifika Garsen linageuka kuwa swali la nani ahesabiwe.

KIJANA WA BODABODA: Sasa tufanye nini, wazee? Maana kila mkikaa mnahesabu maiti za upande wenu.

MFUGAJI: Malka ziandikwe. Serikali ije na vipimo vyake, zichorwe kwenye ramani, kila mtu azijue. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inatambua desturi za wafugaji. Tuanze na njia za maji, majina yatafuata.

MKULIMA: Majina kwanza. Huwezi kuchora njia katika ardhi usiyojua mwenyewe ni nani. Tuandikwe, kila jamii na daftari lake, kisha tukae tuzungumze malka kama watu wenye mali yao.

MWALIMU: Sheria hiyo, kwa bahati mbaya yako mzee, iko upande wa mkulima. Inaanza na majina. Jamii inaitisha mkutano, inachagua kamati ya watu saba hadi kumi na watano, inatoa orodha ya wanajamii wake. Bila orodha hakuna usajili.

MFUGAJI: Basi tumerudi kwenye msasa. Nani ataandika orodha? Wazee wenu? Mimi nitawaandika wangu, Mwardei atajiandika wapi? Na huyu mwalimu?

MKULIMA: Mwalimu tutamwandika.

MWALIMU: Daftari la nani?

MKULIMA: La kwetu.

MFUGAJI: Ahaa. Mwalimu mnamwandika kwa sababu atapiga kura kwenu.

MKULIMA: Na wewe mama wa maziwa utamwandika kwa sababu gani?

MAMA MUUZA MAZIWA: Msiniandike bado. Mwalimu, hiyo kamati ni watu wangapi?

MWALIMU: Kumi na watano, ikijaa.

MAMA MUUZA MAZIWA: Na katiba mliyoipigia kura inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili.

MWALIMU: Kifungu cha 27.

MAMA MUUZA MAZIWA: Kwa hiyo wanawake ni watano. Gasa ina wanawake wangapi? Matadeda ina wangapi?

MFUGAJI: Hayo ni mabaraza ya wazee, mama.

MAMA MUUZA MAZIWA: Najua ni ya nani. Andikeni hao watano kwanza, Mpokomo, Muorma, Mwardei, mtakavyo. Kisha tuchore malka, kwa sababu sisi ndio tunaoteremka mtoni kuteka maji kila siku na tunajua ng'ombe wanapita wapi.

MKULIMA: Watano ni wengi.

MAMA MUUZA MAZIWA: Ulipiga nyekundu, mzee. Huna neno hapo.